Barua ya Kwanza Mezani pa Bodi

Mwaka 1990, katika mji wa bandari wa Bristol, magharibi ya Uingereza, daktari wa nusukaputi aitwaye Stephen Bolsin, aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili katika kazi yake pale, alimwandikia mkuu wa hospitali yake barua. Hakuiandika kwa fitina wala kwa kutamani cheo cha mtu. Aliandika aliyoyaona kwa macho yake akiwa amesimama upande wa kichwa cha mgonjwa, kwamba watoto wachanga waliokuwa wakipasuliwa moyo mahali pale walikuwa wakifariki kwa wingi usiolingana na sifa ya hospitali ile. Barua ikapokewa, ikasomwa, na kwa maelezo yake mwenyewe malipo aliyoyapata hayakuwa shukrani bali karipio. Kisha miaka ikapita, na upasuaji ukaendelea.

Katika hesabu ya miaka hiyo limo somo ambalo kila anayekubali kuketi katika bodi ya hospitali, awe mwenyekiti, mjumbe au mkurugenzi mtendaji, hana budi kulijua kama ajuavyo jina lake. Madhara makubwa ya hospitali hayazuki ghafla. Karibu kila mara hubisha hodi kwanza, kwa barua ya daktari, kwa fomu ya muuguzi, kwa machozi ya binti aliyekesha kando ya kitanda cha mama yake, na aghalabu hubisha miaka kadhaa kabla ya tume kuundwa na magazeti kupiga kelele. Kwa hiyo naamini kwamba bodi hupimwa siku inapopokea habari mbaya ya kwanza, wala si siku inapotoa tangazo la kuomba radhi. Na kipimo chenyewe ni swali moja: iliposoma habari ile, ilimfikiria nani mwanzo, mgonjwa au heshima yake yenyewe?

Turejee Bristol. Mkuu wa hospitali, John Roylance, ambaye naye alikuwa daktari, alikuwa na kanuni aliyoishika bila kuyumba, kwamba mambo ya tiba ni ya matabibu na mambo ya utawala ni ya watawala, na kwamba mtawala akitia mkono wake katika chumba cha upasuaji ataharibu asilolijua. Kanuni hiyo ikisikika mara ya kwanza hupendeza, maana ina sura ya unyenyekevu. Lakini ilipotumika mahali ambapo uwezo wa matabibu wenyewe ndio uliotiliwa shaka, iliwaacha watoto bila mlinzi, kwa kuwa walioachiwa kazi ya kuchunguza walikuwa ndio hao hao waliolalamikiwa. James Wisheart, mmoja wa wapasuaji wawili waliohusika, alikuwa kwa muda ndiye pia mkurugenzi wa tiba wa hospitali nzima. Hivyo shaka iliyopanda ngazi kwa taabu, daraja baada ya daraja, ilipofika juu ilimkuta mwenye kutiliwa shaka ameketi kitini akiingojea.

Bolsin hakunyamaza. Pamoja na mwenzake mmoja alikusanya hesabu za upasuaji na za vifo, akaziweka wazi kwa waliokuwa tayari kuzitazama, na polepole wasiwasi ukatoka nje ya kuta za hospitali hata ukafika kwa maofisa wa wizara. Usiku wa tarehe 11 Januari 1995 waganga wa moyo walikutana kujadili kama mtoto mmoja wa kiume, mwenye umri wa miezi 18, apasuliwe kesho yake katika upasuaji mgumu wa kubadilisha mishipa mikubwa ya moyo. Bolsin alipinga, wengine wakaona upasuaji uendelee. Roylance naye alikuwa ameonywa, hata na ofisa wa wizara ya afya, lakini akashika kanuni yake ile ile kwamba uamuzi wa tiba si wake kuuingilia. Mtoto alipasuliwa tarehe 12, akafia mezani. Wazazi wake walimkabidhi asubuhi ile bila kujua kwamba usiku uliotangulia watu wazima wenye elimu walikuwa wamekaa wakabishana juu yake.

Mwezi Juni 1998 Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza lilimfuta Wisheart katika daftari la madaktari, likamkataza mwenzake Janardan Dhasmana kupasua watoto kwa miaka 3, na, jambo lililowashtua wengi, likamfuta Roylance pia, ijapokuwa hakuwahi kushika kisu katika chumba kile. Alikata rufaa, na mwaka 1999 rufaa yake ikakataliwa. Hukumu ile iliweka msingi ambao haujabomoka: daktari anayehamia katika kiti cha utawala haachi mlangoni dhima yake kwa mgonjwa, na kutotenda ni tendo pia. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Profesa Ian Kennedy ilitoa ripoti yake Julai 2001, yenye mapendekezo 198, ikakadiria kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 watoto 30 hadi 35 wa chini ya umri wa mwaka 1 walifariki zaidi ya ambao wangetazamiwa kufariki katika kituo cha kawaida cha kazi hiyo. Tena ripoti ikasema neno ambalo wenye kudai kila siku mitambo mipya ya takwimu wangefaa kulizingatia: Bristol haikupungukiwa na takwimu. Zilikuwapo tele. Kilichopungua ni mtu mwenye madaraka ambaye angekubali kwamba takwimu zile zinasema naye.

Jibu la Bristol, basi, lilikuwa kwamba jambo hili si langu. Jibu la pili, ambalo ni la hila zaidi kwa kuwa huvaa vazi la elimu, ni kulaumu hesabu. Na mfano wake ulio wazi kuliko yote nauona katika hospitali ya Stafford, katikati ya Uingereza.

Shirika la Mid Staffordshire, lililoendesha hospitali hiyo, lilitamani daraja la juu lililoyapa mashirika ya hospitali uhuru wa kujiendesha, na daraja hilo lilidai vitabu vya fedha visivyo na doa. Katika mwaka wa fedha wa 2006 hadi 2007 lilijiwekea shabaha ya kuokoa pauni milioni 10, na ili kuifikia likapunguza nafasi za kazi zaidi ya 150, ilhali wauguzi walikuwa hawatoshi tangu hapo. Mwaka 2007 takwimu za vifo zilipotangazwa nchini kote, zikaonyesha kwamba Stafford inapoteza wagonjwa kupita kiwango kilichotazamiwa, viongozi walielekeza macho yao kwenye makaratasi: pengine maradhi yameandikwa vibaya katika majalada, pengine alama za uainishaji zimekosewa, pengine mizani ndiyo mibovu. Si haramu kukagua mizani. Lakini mwenye duka mwaminifu anayeambiwa kwamba kilo yake imepungua huitazama mizani na gunia pia. Stafford iliitazama mizani, na gunia ikaliacha.

Na gunia lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kutembea hatua mia moja kutoka chumba cha mikutano hadi wodini. Wachunguzi wa Tume ya Huduma za Afya walioingia mwaka 2008 waliona kwamba katika idara ya dharura watu wa mapokezi wasio na mafunzo ya uganga ndio walioamua mgonjwa yupi ni mahututi na yupi angoje; kwamba mashine za kuangalia mapigo ya moyo zilizimwa kwa sababu wauguzi hawakufundishwa kuzitumia; kwamba wazee waliachwa katika mashuka machafu, na chakula na maji yakiwekwa mahali mikono yao isipofika. Walipozisoma kumbukumbu za vikao vya bodi tangu mwaka 2005, waliona kwamba mazungumzo yalitawaliwa na fedha, na shabaha za serikali, na safari ya kulitafuta lile daraja la juu. Daraja likapatikana tarehe 1 Februari 2008. Mwezi uliofuata uchunguzi ukatangazwa. Kwa hiyo bodi ilivikwa nishani ya utawala bora wakati ule ule ambapo wagonjwa wake walikuwa wakiomba maji, na naomba kila mjumbe wa bodi anayeridhika na vyeti vilivyotundikwa ukutani aukumbuke mwezi huo.

Ripoti ilitoka Machi 2009. Mwenyekiti na mkurugenzi mtendaji wakaondoka. Wakili Robert Francis aliendesha uchunguzi wa kwanza, kisha uchunguzi mkubwa wa hadhara, na ripoti yake ya tarehe 6 Februari 2013, iliyopitia nyaraka zenye kurasa karibu milioni 1, ikatoa mapendekezo 290. Katika maneno mengi yaliyomo, kiini chake kwa upande wa bodi ni kwamba viongozi walisikiliza waliokuwa juu yao kuliko waliokuwa chini ya uangalizi wao, na walipoletewa habari njema waliiamini upesi, bali habari mbaya waliidai ushahidi juu ya ushahidi.

Jibu la tatu ni baya kuliko yote mawili, kwa sababu halimwumizi mgonjwa peke yake: nalo ni kumtazama msemaji badala ya kulisikia asemalo. Helene Donnelly, muuguzi katika idara ya dharura ya Stafford, alijaza fomu za matukio zipatazo 100 akieleza hatari alizoziona, na alichovuna ni vitisho vya wenzake, hata akawa, zamu ikiisha usiku, hawezi kwenda kwenye gari lake peke yake ila aje mzazi au mume kumchukua. Julie Bailey, aliyefiwa na mama yake katika hospitali hiyo Novemba 2007 baada ya kukesha naye na kushuhudia mateso ya wodi nzima, alikusanya familia nyingine katika mkahawa wake mdogo, wakaanza kudai haki. Ukweli wake ulipothibitishwa na tume, bado walikuwapo katika mji wake waliomchukia kwa kuwa amelichafua jina la hospitali yao, na hatimaye akahama. Na Bolsin wa Bristol alihamia Geelong, Australia, akieleza kwamba huko Uingereza milango ya kazi ilikuwa imefungwa mbele yake. Uingereza hiyo hiyo baadaye ilimheshimu, kama ilivyowapa nishani Donnelly na Bailey. Lakini nishani inayomfikia mtu akiwa ameshafukuzwa kwa macho na maneno haimfundishi muuguzi kijana kusema. Humfundisha bei ya kusema.

Sasa hatuna budi kuuliza, bila chuki, watu wema huyafanyaje haya? Maana wengi wa wajumbe wa bodi hizi hawakuwa waovu. Walikuwa wahasibu, wanasheria, wafanyabiashara na waganga wastaafu walioitikia wito wa kuitumikia jamii. Jawabu, kwa kadiri ninavyoifahamu kazi hii, limo katika namna habari inavyosafiri. Jambo lililotokea wodini usiku wa manane, lenye harufu na sauti na jina la mtu, humfikia muuguzi mkuu likiwa tukio, humfikia mkuu wa idara likiwa tarakimu, humfikia mkurugenzi likiwa asilimia, na humfikia mjumbe wa bodi likiwa doa dogo la rangi ya njano katika jedwali la ukurasa wa 64, katika jalada alilopewa jana yake jioni. Kila mkono uliolipokea umelilainisha kidogo, si kwa kusema uongo, bali kwa kuondoa kile kilichokera. Na lifikapo mezani halina tena uwezo wa kumnyima mtu usingizi. Mjumbe anayemtegemea mkurugenzi peke yake kwa habari za hospitali ni kama nahodha anayeuliza habari za maji yaliyoingia ngamani kwa mtu aliyeajiriwa kusema chombo ni kizima.

Profesa Mary Dixon-Woods na wenzake, waliochunguza hospitali za Uingereza, waliona kwamba viongozi hugawanyika katika mienendo miwili. Wapo wanaotafuta kasoro: hukusanya habari kwa njia nyingi, rasmi na zisizo rasmi, huzunguka, huuliza, na huifurahia habari mbaya kama mkulima anavyofurahi kumwona mdudu angali mmoja. Na wapo wanaotafuta faraja: hukusanya habari ili zithibitishe kwamba wao ni wema, na mwenye kuleta kinyume chake humhesabu kuwa mlalamishi. Nimeupenda mgawanyo huu kwa sababu haumwiti yeyote mwovu. Faraja ni kitu kitamu, na kila mmoja wetu huitafuta nyumbani kwake. Tofauti ni kwamba faraja ya bodi ya hospitali hulipiwa na mtu mwingine. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini hospitalini anayeficha si yule anayekufa, na kwa hiyo methali ile, iliyotosha kumwonya mtu juu ya mwili wake mwenyewe, haitoshi kumwonya mjumbe wa bodi. Yeye ahitaji sheria, na desturi, na dhamiri iliyozoezwa.

Je, inawezekana kufanya vinginevyo? Yawezekana, na mfano ninaoupenda ni wa hospitali ya Virginia Mason, katika mji wa Seattle, Marekani. Tangu mwaka 2002 hospitali hiyo, iliyokwenda kujifunza Japani kwa watengenezaji wa magari ya Toyota, ilimpa kila mtumishi, awe mpasuaji au mfagizi, ruhusa ya kusimamisha kazi mara aonapo hatari kwa mgonjwa, na ikawalazimu wakubwa kuja kuitazama hatari ile badala ya kungoja ripoti. Utaratibu huo haukuizuia ajali. Novemba 2004 mama mmoja mwenye umri wa miaka 69 alidungwa dawa ya kusafishia ngozi mahali pa dawa ya kung'arisha mishipa katika picha, kwa sababu vimiminiko vilivyofanana kama maji vilikuwa vimewekwa katika vyombo visivyoandikwa majina, naye akafariki. Viongozi wangeweza kusema mgonjwa alipata madhara ya matibabu, nao wasingeonekana waongo. Badala yake waliueleza umma waziwazi kwamba hospitali ndiyo iliyomwua, na kwa njia gani, na kwamba wameomba radhi. Kisha wakaanzisha tuzo ya kila mwaka ya usalama wa wagonjwa, wakaiita kwa jina la mama huyo, ili jina lake litajwe ndani ya kuta zile kila mwaka. Mazungumzo ya Bristol yalikuwa juu ya nani ana haki ya kusema. Ya Seattle yalikuwa juu ya chupa isiyoandikwa jina. Hiyo ndiyo tofauti baina ya bodi inayolinda heshima na bodi inayolinda watu, na ajabu yake ni kwamba hii ya pili ndiyo iliyobaki na heshima.

Nasi Afrika ya Mashariki hatukai mbali na habari hizi. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili walioshirikiana jina la kwanza walibadilishwa, aliyestahili kupasuliwa goti akafunguliwa kichwa, na mwenye maradhi ya kichwa akapasuliwa goti. Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa ambaye hakuhitaji kupasuliwa alifunguliwa fuvu badala ya mwenziwe aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni, na wapasuaji hawakuligundua kosa ila baada ya saa kadhaa za kuitafuta damu isiyokuwapo. Mara ile ya Nairobi hospitali ilianza kwa kuwasimamisha kazi daktari aliyepasua, pamoja na wauguzi na mtaalamu wa nusukaputi; madaktari wenzake wakagoma; serikali nayo ikampa mkuu wa hospitali likizo ya lazima. Sina nia ya kuwahukumu. Nasema tu kwamba adhabu iliwaangukia walio chini na walio juu kwa siku chache, ilhali swali lililo la bodi hasa ni la siku zilizotangulia: je, utepe wa jina mkononi mwa mgonjwa ulikuwa umewahi kukosewa kabla ya hapo, nani aliona, alimwambia nani, na alijibiwa nini?

Tena tuna fahari yetu katika jambo hili, ambayo husahauliwa. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kuijaribu orodha ya kuhakikisha usalama wa upasuaji, ambayo huwataka waliomo chumbani kumtambua mgonjwa kwa jina, kuthibitisha mahali pa kupasuliwa, na kila mmoja kujitaja yeye ni nani kabla ya kisu kugusa ngozi, lilichagua hospitali 8 duniani, katika miji kama London, Toronto na Seattle, na mojawapo ilikuwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, katika bonde la Kilombero. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali zote kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Watu huisifu karatasi ile kama hirizi. Lakini nguvu yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba humpa muuguzi mdogo kauli mbele ya bingwa: aliyekwisha kutaja jina lake kwa sauti chumbani humo haoni tena aibu kusema, Daktari, ngoja kidogo. Bodi nayo yahitaji karatasi ya namna hiyo kwa nafsi yake.

Naijua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kudharauliwa. Watasema hospitali kubwa hupokea malalamiko kila siku, mengine ya hasira, mengine ya uongo, mengine ya watumishi wenye kisasi. Bodi ikikimbilia kila moja itakuwa mahakama isiyolala, na waganga wema watafanya kazi kwa hofu. Ni kweli kwamba wapo walalamishi wenye nia mbaya. Lakini nia ya msemaji na ukweli wa neno lake ni mambo mawili, na adui yako akikuambia nyumba yako inaungua, huanzi kwa kuchunguza urafiki wenu. Tena tupime gharama: kuchunguza shaka isiyo na msingi huchukua majuma machache na kuudhi watu wachache, kisha aliyeshukiwa hutoka na jina safi kuliko lile lililonong'onwa, ilhali kupuuza shaka ya kweli kuliigharimu Bristol miaka 5 na maisha ya watoto. Mwenye mizani kama hiyo mbele yake hana haja ya falsafa.

Basi nawapa wajumbe wa bodi nasaha chache, zisizohitaji fedha nyingi. Sharti shaka juu ya usalama isichunguzwe na mwenye kushukiwa wala na rafiki yake, na mjumbe mmoja asiye mwajiriwa wa hospitali awe na mlango ambao mtumishi yeyote aweza kuugonga. Sharti baadhi ya barua za wagonjwa na za watumishi zisomwe kikaoni kama zilivyoandikwa, pamoja na makosa yake ya herufi, badala ya muhtasari. Taasisi ya Kuboresha Huduma za Afya ya Marekani ilizishauri bodi tangu mwaka 2006 kuutumia walau robo ya muda wa kikao kwa ubora na usalama. Mwenyekiti achukue kumbukumbu za kikao chake cha mwisho, ahesabu dakika, na aone hesabu inavyomsuta. Wajumbe wazifikie wodi usiku, si siku ya wageni iliyopigiwa deki, na waulize mapokezi, jikoni na chumba cha kufulia, maana watu wa huko huona mengi na huulizwa machache. Sanduku la maoni lililopigiliwa ukutani lenye kufuli, ambalo ufunguo wake hajulikani anao nani, liondolewe au lifunguliwe mbele ya watu. Na aliyesema ajibiwe kwa maandishi, kwa siku zinazohesabika, aambiwe lililofanyika. Baada ya mwaka bodi iulize swali ambalo nyingi haziulizi: mtu yule yuko wapi sasa, amepanda cheo, yuko pale pale, au ameondoka?

Uingereza, baada ya Stafford, iliweka katika sheria mwaka 2014 wajibu wa hospitali kumweleza mgonjwa au jamaa zake ukweli inapomdhuru, na kumwomba radhi. Naisifu sheria hiyo, ila sheria huanza kazi dhara likisha kutokea, na mimi nazungumza juu ya saa ile iliyo kabla yake, ambayo hakuna hakimu awezaye kuisimamia. Waingereza huyaita mashirika ya hospitali zao kwa neno ambalo tafsiri yake iliyo karibu nasi ni amana, na sisi baadhi ya bodi zetu twaziita bodi za wadhamini. Mwekewa amana, katika mila za pwani yetu, hakuwa na ruhusa ya kusema mali imeharibika kwa sababu aliyeniambia kwamba mchwa wameingia alikuwa mtu nisiyempenda.

Mtoto yule wa Bristol aliyefia mezani tarehe 12 Januari 1995 alikuwa na umri wa miezi 18. Aliyekuwa na umri huo mwezi ule alizaliwa mwaka 1993. Kwa hiyo Bolsin alipoitia barua yake katika bahasha mwaka 1990, mtoto huyo alikuwa hajawa hata mimba. Walikuwapo watu walioitwa viongozi, wenye ofisi na saini na muda wa miaka mizima, wa kumwandalia chumba cha salama kabla hajaja duniani kukihitaji. Mjumbe wa bodi anayefungua jalada lake leo na kuikuta barua ya namna ile, yenye jina asilolipenda na habari asiyoitaka, ajue kwamba anaandikiwa kwa niaba ya mtu ambaye bado hajazaliwa.